Gari la teksi Uingereza: soma sera ya halmashauri kabla hujalipia gari

Kosa linalogharimu kuliko yote katika biashara ya teksi Uingereza hufanyika kabla fomu yoyote haijajazwa. Mtu ananunua gari, anakata bima ya mwaka mzima, kisha ndipo anaipigia halmashauri kuuliza wanataka gari la namna gani. Gari linaweza kuwa zima, halina hata mkwaruzo, na bado likakataliwa kwa sababu kadi inaonyesha lilisajiliwa wiki mbili nje ya ukomo wa umri, au kwa sababu abiria wa kiti cha nyuma kabisa hawezi kutoka mpaka mwenzake ashuke na kiti kikunjwe. Rufaa ipo, ila marejesho ya mkopo hayasubiri rufaa.

Ninayoandika yanahusu England na Wales nje ya London. London iko chini ya Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, ambako tangu 1 Januari 2023 gari la oda linaloingia mara ya kwanza lazima liwe la umeme au haibridi ya kuchomeka inayokidhi kiwango chao. Scotland ina sheria yake ya 1982, na Ireland Kaskazini kazi hii hufanywa na wakala wa serikali, si halmashauri.

Kwanza jua unaomba leseni ya nini. Ile inayoitwa hackney carriage ndiyo teksi yenyewe: inasimama kituoni, inapungiwa mkono barabarani, ina taa juu ya paa na mita ndani. Msingi wake ni sheria ya 1847, ya enzi za farasi, na bado inatumika. Private hire ni gari la oda: abiria lazima awe ameagiza kupitia ofisi au programu ya simu kabla hajapanda. Gari la oda haliruhusiwi kuweka juu ya paa alama yenye neno taxi au cab, na ukimpakia mtu aliyekupungia mkono, mbali na kosa lenyewe, bima yako inaweza kuhesabika kuwa haipo kwa safari hiyo.

Kwa gari la oda leseni ni tatu: ya gari, ya dereva, na ya ofisi inayopokea oda. Zote tatu zitoke halmashauri moja. Hapa wengi hunaswa. Wanasikia mji wa jirani una ada nafuu na foleni fupi, wanachukua pleti (bati la leseni linalofungwa kwenye gari) huko, halafu wanagundua ofisi wanayotaka kuifanyia kazi ina leseni ya mji wao tu. Tangu Oktoba 2015 ofisi inaweza kuhamishia oda kwa ofisi ya wilaya nyingine, lakini ofisi inayoipokea nayo itumie gari na dereva wa halmashauri yake. Ofisi ya programu kubwa mara nyingi ina leseni katika halmashauri kadhaa. Uliza kwa maandishi ni zipi, usikubali "usijali, itawezekana" ya kwenye simu.

Kwa teksi kuna swali moja la ziada. Halmashauri inaweza kuweka kikomo cha idadi ya teksi ikiridhika kwamba hakuna uhitaji mkubwa usiotoshelezwa. Magari ya oda hayawezi kuwekewa kikomo hicho. Katika mji wenye kikomo, njia ya kupata pleti ya teksi kwa kawaida ni kununua gari pamoja na leseni yake kutoka kwa mwenye nayo, na bei hapo haina uhusiano na thamani ya gari.

Sheria inasema kidogo, sera inasema mengi

Kifungu cha 48 cha sheria ya serikali za mitaa ya 1976 kinaitaka halmashauri iridhike na mambo machache: gari la oda linafaa kwa aina, ukubwa na umbo, halifanani na teksi kiasi cha kumdanganya mtu, ni zima kimitambo, ni salama, abiria atakaa kwa starehe, na lina bima. Viti vya abiria visizidi vinane. Umri, rangi, kizimamoto na kamera havimo humo. Vimo kwenye sera ya halmashauri, na sera hubadilika kamati ikikaa. Kwa hiyo pakua toleo la sasa kwenye tovuti yao, angalia tarehe iliyo juu, na usitegemee nakala ya PDF uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Umri ndio unaoua maombi mengi. Mfano wa sera ya kawaida: gari linaloingia mara ya kwanza liwe na chini ya miaka 5, na lililokwisha ingia liendelee kuhuishwa hadi miaka 10. Namba hutofautiana kutoka mji hadi mji, na magari ya umeme au yanayobeba kiti cha magurudumu mara nyingi huongezewa miaka. Serikali kuu, katika mwongozo wake wa Novemba 2023, ilizishauri halmashauri za England ziache ukomo wa umri na zipime moshi na usalama wa gari lenyewe. Ni ushauri wenye akili, kwa sababu gari la miaka 9 lililotunzwa vizuri linaweza kuwa salama kuliko la miaka 4 lililochoshwa na zamu mbili kwa siku. Lakini ni ushauri tu, na nyingi bado zina ukomo.

Kuna mitego miwili kwenye umri. Wa kwanza ni magari yaliyoagizwa kutoka Japan. Kadi ya gari, ile V5C, inaweza kuonyesha gari lilisajiliwa Uingereza 2021 wakati lilitengenezwa 2016, na halmashauri nyingi huhesabu tangu lilipotengenezwa au kusajiliwa mara ya kwanza popote duniani. Magari hayo pia yanaweza kukosa cheti cha aina ya gari kinachotakiwa, ukalazimika kutafuta ukaguzi wa gari mojamoja, jambo la pesa na majuma. Mtego wa pili ni kuchelewa kuhuisha. Leseni ya gari haizidi mwaka mmoja. Ikiisha Ijumaa nawe ukapeleka maombi Jumatatu, halmashauri inaweza kukuhesabu mwombaji mpya. Gari la miaka 7 lililokuwa na haki ya kuendelea hadi 10 sasa linapimwa kwa kipimo cha chini ya miaka 5, na halirudi tena. Weka kumbukumbu ya simu wiki nane kabla, kwa sababu nafasi za ukaguzi nazo zina foleni.

Viti navyo vina hesabu yake. Halmashauri nyingi hutaka kila abiria apate takribani sentimita 40 za upana wa kiti. Gari dogo lenye viti vitano kwenye kadi linaweza kupewa leseni ya abiria watatu tu, kwa sababu kiti cha kati cha nyuma ni chembamba. Gari la viti saba lina shida nyingine: kutoka safu ya tatu bila kupanda juu ya mtu wala kukunja kiti kilichokaliwa. Baadhi ya halmashauri huliandikia gari kama hilo abiria watano au sita, nyingine hulikataa. Kama hesabu yako ya faida imejengwa juu ya abiria saba wa uwanja wa ndege, uliza modeli hiyo hiyo kwa jina kabla hujalipa. Na ukibadili mpangilio wa viti baada ya leseni, umebadili gari. Lazima lipimwe tena.

Vioo vyeusi husumbua magari ya kifahari. Sheria ya nchi inataka kioo cha mbele kipitishe mwanga 75% na vioo vya milango ya mbele 70%. Kwa vioo vya nyuma sheria haina kiwango, ila halmashauri inayo. Mwongozo wa 2023 unazishauri zisilazimishe kung'olewa kwa vioo vya nyuma vinavyopitisha 30% au zaidi. Zipo zinazodai zaidi ya hapo, na kubadili vioo vya nyuma vya kiwandani kwenye gari jipya ni gharama ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia. Filamu ya kubandika, hata ikiwa hafifu, iondoe kabla ya ukaguzi.

Angalia pia historia ya ajali. Magari yaliyofutwa na bima huwekwa alama A, B, S au N, na kabla ya Oktoba 2017 zilikuwa A, B, C na D. S maana yake muundo wa gari uliumia. N si muundo. Zipo halmashauri zinazokataa yote, nyingine hukubali N au S ikiwa na ripoti ya mhandisi. Ukaguzi wa historia unaolipiwa mtandaoni ni pesa ndogo ukilinganisha na gari lisiloweza kufanya kazi. Kuhusu moshi, kiwango cha kawaida ni Euro 6 kwa dizeli na Euro 4 kwa petroli. Birmingham, kwa mfano, tangu Juni 2021 hutoza pauni 8 kwa siku gari lisilofikia hapo likiingia eneo la hewa safi, na teksi ni miongoni mwa yanayotozwa.

Makaratasi

V5C iwe kwa jina la mwombaji. Kama gari ni jipya kwako, kile kipande cha kijani cha mmiliki mpya hukubaliwa na wengi pamoja na risiti ya mauzo, kwa masharti kwamba kadi kamili italetwa ikifika. Kumbuka V5C inaonyesha mtunzaji wa gari, si mwenye mali. Gari la mkopo au la kukodi huhitaji pia mkataba. Rangi iliyoandikwa kwenye kadi iwe ndiyo iliyo kwenye bodi. Gari lililobandikwa filamu ya rangi nyingine bila kadi kubadilishwa hurudishwa mlangoni.

Bima ndiyo hati inayokosewa mara nyingi zaidi. Cheti kitaje kubeba abiria kwa malipo, na kitaje aina: ya gari la oda au ya teksi ya kituoni, kwa maana bima ya oda haigusi kazi ya kituoni. Majina ya madereva wote yawemo, na namba ya gari isiwe na herufi iliyokosewa. Cheti cha muda hukubaliwa, ila kikiisha kabla ya leseni, halmashauri itataka kingine, na isipokipata inasimamisha leseni.

MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka: kisheria gari la kawaida na gari la oda huanza likifika miaka 3, teksi huanza ikifika mwaka 1. Ndiyo, teksi ya miezi 13 inahitaji MOT. Baadhi ya halmashauri zina idhini ya kutoa cheti chao kinachosimama badala yake. Kwingine unahitaji vyote viwili.

Mwenye gari asiye dereva wa halmashauri hiyo hutakiwa kuleta cheti cha msingi cha DBS, yaani cha kumbukumbu za uhalifu. Ukiwa tayari dereva wao, hawakidai tena. Ule ukaguzi wa kodi wa HMRC, mamlaka ya kodi, ulioanza 4 Aprili 2022 unahusu leseni ya dereva na ya ofisi. Leseni ya gari haumo, ingawa wengine hukwama wakisubiri namba wasiyoihitaji.

Siku ya ukaguzi

Ukaguzi wa halmashauri ni mkali kuliko MOT, na makosa yanayoangusha magari mengi ni ya bei rahisi. Taa ya namba ya nyuma iliyoungua. Waipa iliyochanika. Maji ya kuoshea kioo yameisha. Mkanda wa kiti cha kati umepotelea chini ya kiti. Kioo cha mlango wa nyuma hakishuki kwa swichi ya ndani. Kila kimoja ni dakika kumi za kazi, na kila kimoja kinaweza kukulipisha ada ya kurudi.

Anza na usafi, kwa sababu mkaguzi ana haki ya kukataa kupima gari chafu, na ada haikurudii. Chini ya gari na kwenye injini pasafishwe ili uvujaji uonekane. Usifanye hivyo asubuhi ile ile: injini iliyolowa maji inaweza kuwasha taa ya hitilafu kwenye dashibodi, na taa hiyo pekee inatosha kukuangusha. Siku mbili kabla ni vizuri, kisha endesha gari uone kama mafuta yanatoka tena. Buti liwe tupu, maana mkaguzi anataka kuona tairi la akiba, jeki na sakafu. Kama gari lilikuja na kopo la gundi badala ya tairi, angalia tarehe ya kwisha iliyoandikwa kwenye kopo.

Matairi: sheria inataka kashata (kina cha mifereji ya tairi) isipungue milimita 1.6 katika robo tatu za katikati, mzunguko wote. Baadhi ya halmashauri hutaka zaidi, kwa hoja kwamba teksi itamaliza kilichobaki kabla ya ukaguzi ujao. Pima upande wa ndani wa tairi, ukigeuza usukani hadi mwisho. Alaimenti ikiharibika tairi hulika kwa ndani wakati nje linaonekana jipya.

Chini ya gari, vinavyochoka kwanza kwa kazi ya mjini ni bushi za mikono ya chini, boljointi na viunganishi vya stabilaiza, kwa sababu ya matuta na mashimo. Mlio wa kugonga ukipita tuta taratibu ndio dalili. Springi ya mbele iliyovunjika pindi la chini kabisa haionekani gari likiwa chini, na hupatikana sana kwenye magari yaliyopita baridi kadhaa za chumvi ya barabarani. Mabomba ya breki ya chuma nayo huliwa na chumvi, hasa pale yanapopita juu ya tangi. Haibridi ina jambo lake: breki za nyuma hutumika kidogo kwa sababu mota ndiyo hupunguza mwendo, basi diski hushika kutu na kalipa, kile kibanio cha pedi, hukwama. Kwenye mashine ya kupimia breki nguvu ya kushoto na kulia inatofautiana, gari linaanguka, dereva anashangaa kwa sababu pedi bado nene. Kila wiki tafuta sehemu salama ukanyage breki kwa nguvu mara kadhaa, diski zitajisafisha.

Ndani, mkaguzi hufungua na kufunga kila mlango, kwa ndani na nje, huvuta kila mkanda hadi mwisho kuona kama umechanika kingo, hubonyeza viti, hupima hita na kiyoyozi. Kiti kilichopasuka mshono hushonwa. Mfuniko wa kiti haukubaliki kama unaziba mfuko wa hewa wa pembeni. Nje, bonde (pale bodi ilipobonyea) na kutu hupimwa kwa macho yake, na hapo ndipo wakaguzi hutofautiana zaidi. Kama sera inataja ukubwa wa bonde unaoruhusiwa, nenda na nakala.

Gari la kiti cha magurudumu lije na rampu na mikanda yote ya kufungia. Mkanda mmoja ukibaki nyumbani, gari halijakamilika. Likiwa na lifti badala ya rampu, kuna ukaguzi wa lifti kila miezi 6 na cheti chake.

Mita ya teksi hupimwa kwa masafa yaliyopimwa barabarani, kisha hufungwa kwa lakiri. Mita huhesabu mapigo yanayotokana na mzunguko wa magurudumu, kwa hiyo ukubwa wa tairi ni sehemu ya mita. Tairi la 205/55 R16 likiwa jipya lina kashata kama milimita 8; likiisha hadi 1.6, nusu kipenyo chake kimepungua takribani 2%, gurudumu linazunguka zaidi kwa kila maili na abiria analipa zaidi. Ukibadili saizi ya tairi au rimu, peleka mita ikapimwe upya.

Ukishapata pleti

Pleti ni mali ya halmashauri. Mara nyingi hutakiwa ifungwe kwa skrubu au kibebeo chake, nje, nyuma. Sumaku hukataliwa kwa sababu hubanduliwa na kuhamishiwa gari jingine. Vibandiko vya milango vikitakiwa kuwa vya gundi ya kudumu, vya sumaku ni kosa hata kama ni vya halmashauri yenyewe. Kazi za wateja wa mashirika zinaweza kupewa ruhusa ya kutoonyesha pleti, ila kwa barua ya ruhusa iliyomo garini, si kwa uamuzi wako.

Jambo linaloshangaza familia nyingi: gari lenye leseni, nje ya London, huendeshwa na dereva mwenye leseni tu, hata likienda dukani Jumapili. Mahakama iliamua hivyo kuhusu gari la oda mwaka 1997 katika kesi ya Benson v Boyce. Mke, mume au mtoto mwenye leseni ya kawaida hawezi kulitumia, na bima itafuata njia hiyo hiyo. Kama nyumba ina gari moja, hesabu hilo mapema.

Ajali inayoathiri usalama, utendaji, sura ya gari au starehe ya abiria iripotiwe halmashauri haraka iwezekanavyo na isizidi saa 72. Saa hizo ni za mfululizo, wikendi imo, basi barua pepe yenye picha usiku wa Jumamosi ni kinga yako. Gari la muda kutoka kampuni ya bima halifanyi kazi ya abiria mpaka nalo liwe na pleti ya halmashauri yako. Ofisa au polisi akiona gari si salama anaweza kusimamisha leseni papo hapo kwa barua. Usipomridhisha ndani ya miezi miwili, leseni huhesabika imefutwa, na ukirudi unaanza kama mwombaji mpya, pamoja na ule ukomo wa umri. Kwa hiyo ukisubiri spea, usikae kimya: agiza, tunza risiti, omba tarehe ya ukaguzi mapema. Uamuzi wa kukunyima leseni ya gari la oda, au wa kukufutia leseni, hukatiwa rufaa mahakama ya mahakimu ndani ya siku 21 tangu kupokea barua.

Ukiuza gari likiwa na leseni, una siku 14 kuiandikia halmashauri jina na anwani ya mnunuzi. Ukiliuza kwa matumizi ya kawaida, rudisha pleti kwanza na upate uthibitisho wa maandishi kwamba leseni imekabidhiwa, kisha ondoa vibandiko. Mpaka hapo bado ni gari la oda, na mnunuzi asiye na leseni ya udereva wa gari la oda akiliendesha kwenda kwake ameshavunja sheria kabla hajafika.